Fundi Anajibu: Breki za kantileva, kuchagua na kuzifunga mpaka zishike

Maswali ya mwezi huu karibu yote yameangukia breki aina moja. Ni zile za mikono miwili, mmoja kila upande wa gurudumu, kila mkono umekaa kwa pini iliyochomelewa kwa foku ama kwa fremu, halafu waya mrefu unashuka katikati na kuvuta waya mfupi unaopita juu ya tairi kuunganisha hiyo mikono. Zinaitwa kantileva. Ziko kwa baiskeli nyingi za mtumba zinazouzwa huku Kisumu, Kakamega mpaka Nakuru, na kila siku naona watu wanazing'oa na kuzitupa ati ni mbovu. Nyingi si mbovu, zimefungwa vibaya. Nimejibu niliyoweza, mengine tutaonana mwezi ujao.

Fundi habari ya kazi. Nilipata mountain bike ya mtumba pale Kibuye siku ya Jumapili, fremu ya chuma, nzito kidogo lakini safi. Nakaa Kiboswa, kazi iko town, so kila asubuhi nashuka Riat. Sasa shida ni breki. Nikifinya leva iko ngumu poa kabisa, haiendi mbali, lakini baiskeli haisimami, inapunguza tu mwendo pole pole na mimi naona lori liko mbele. Fundi wa stage amesema nitoe mikono yote niweke za V. Nimskize? (Msomaji, Kiboswa)

Ndugu, usinunue kitu bado, na kabla tumalize hii mambo usishuke Riat na hiyo baiskeli, hapo kwa mteremko shuka uisukume.

Hiyo dalili umeniandikia, leva ngumu na baiskeli haisimami, imenisaidia sana. Watu wengi wakishika leva wakasikia iko ngumu wanafurahi, wanasema hii ndio breki. Kwa kantileva mambo ni kinyume. Leva ikiwa ngumu kama mawe ya Kisian, manake raba zinafika kwa rimu haraka lakini zikifika hazina nguvu ya kufinya, vidole vyako ndio vinafanya kazi yote. Kantileva iliyokaa vizuri leva inaingia kiasi, unaisikia inabonyea kidogo, halafu gurudumu linakamatwa. Huo ulaini ndio nguvu yenyewe, kwa sababu mkono wako umesafiri zaidi na raba zimesafiri kidogo, na ile safari ya raba ikipungua nguvu inaongezeka.

Sasa kinacholeta ugumu huo huwa ni vitu viwili, wakati mwingine vyote kwa pamoja.

Cha kwanza ni leva yenyewe. Shimano, kampuni ya Japani ya vifaa vya baiskeli, walileta breki za V mwaka wa 1996, na hizo mikono yake ni mirefu, waya unavuta kutoka upande, kwa hivyo leva zake zimetengenezwa kuvuta waya mwingi, karibu mara mbili ya zile leva za zamani. Baiskeli ya mtumba imepita mikono mingi kabla ikufikie, leva moja ilivunjika mahali fulani mtu akaweka ile alipata, na ile alipata ikawa ya V. Leva ya V ukiifunga kwa kantileva unapata kile kitu umeandika, inakuwa ngumu na haina nguvu. Kujua unayo gani chukua rula, finya leva uangalie ndani, pima kutoka kwa pini ambayo leva inazungukia mpaka pale kichwa cha waya kimekaa. Leva za V hapo kwa kawaida panafika sentimita 3 au kupita, za kantileva pako chini ya hapo. Kuna zingine ziko na nafasi mbili za kuweka kichwa cha waya, hizo ukibahatika unahamisha tu, unaweka ile nafasi ya karibu na pini. Kama ni za V tupu tafuta leva za zamani, mafundi huwa nazo kwa madebe yao kwa sababu kila mtu anazitoa, na hakikisha pini haijalegea, leva iliyolegea inapoteza safari bure.

Cha pili ni urefu wa ule waya mfupi, na hapa ndio mafundi wengi wanakosea. Angalia pale waya mrefu unaposhuka kukutana na waya mfupi, kuna kachuma kadogo, mara nyingi ka pembetatu, kanakobeba waya mfupi. Hako kachuma kakiwa juu sana karibu na shingo ya baiskeli, waya mfupi unasimama wima kama herufi V iliyogeuzwa, unavuta mikono kwenda juu badala ya kuivuta ndani. Ukikashusha karibu na tairi, waya mfupi unalala, na ukilala unavuta mikono kwa nguvu zaidi. Ndio maana nasema baiskeli yako inaweza kupona kwa spana ya 10 na nusu saa.

Sasa fanya hivi, na ufuate huo mpango kwa sababu ukianza na waya kabla ya raba utarudia kazi mara mbili.

Chomoa waya mfupi kutoka kwa mkono mmoja wa breki, ule upande uliotengenezwa kuchomoka. Mikono ikiachiliwa sukuma kila mmoja kwa kidole uone unarudi wenyewe ama umekwama. Ukikwama fungua bolti ya mbele, nyingi ni alenki ya 5, ule ufunguo wa pembe sita, utoe mkono, usugue ile pini na msasa laini mpaka kutu iishe, ufute, upake grisi nyepesi, urudishe. Hiyo pini iko na matundu matatu ya springi, weka springi tundu la katikati, kulia na kushoto tundu sawa. Kaza bolti ishike lakini usiikaze kwa hasira, pini ikivimba mdomo mkono hautazunguka tena na hapo umeharibu foku ambayo ilikuwa nzima.

Halafu raba. Raba za kantileva za zamani ziko na kijiti laini kisicho na gurufu, kinapita ndani ya bolti yenye tundu, nyuma kuna nati ya 10. Hapo ndio watu hukasirika kwa sababu nati moja inashikilia kila kitu, urefu, juu na chini, kuinama, zote kwa pamoja, ukigusa moja zingine zinahama. Usikasirike. Legeza nati kidogo tu, raba iweze kusukumwa na mkono lakini isianguke. Sukuma mkono wa breki hadi raba iguse rimu, ilaze yote kwa ubavu wa rimu, ukingo wake wa juu ubaki milimita moja au mbili chini ya ukingo wa rimu. Isiguse tairi hata kidogo, raba ikikula tairi siku moja tyubu italipuka kwa mteremko. Vijiti vya raba vitoke urefu sawa pande zote mbili, kisha ukate kipande cha katoni nyembamba, kama milimita moja, ukiweke katikati ya rimu na raba upande wa nyuma, upande ule tairi linatokea, ufinye raba kwa kidole gumba, ukaze nati huku umeshikilia mbele na alenki isizunguke. Ukitoa katoni raba itakuwa imeinama kidogo, mbele inagusa kwanza. Nitaeleza sababu kwa swali la mama wa Nakuru hapo chini.

Raba zikikaa ndio unarudi kwa waya. Shusha kachuma ka katikati mpaka kaache nafasi ya vidole viwili hivi juu ya tairi, zaidi kidogo kama barabara yako ina matope ama una madigadi. Vuta waya mrefu na plaia, kaza, kisha finya leva kwa nguvu zako zote mara kadhaa ili kava, ile ngozi ya nje ya waya, na waya zikae, utaona imelegea, vuta tena. Raba zibaki mbali na rimu milimita moja na nusu, mbili, kila upande. Upande mmoja ukiwa unasugua, kuna kaskrubu kadogo kwa mkono mmoja, ukikakaza springi ya huo mkono inapata nguvu na unarudi nyuma. Baiskeli zingine hazina, hizo unahamisha springi tundu ama unasogeza ule waya mfupi kwa kachuma.

Ukimaliza finya leva, isimame karibu na katikati ya safari yake kuelekea usukani. Ikifika mpaka usukani umeshusha kachuma kupita kiasi, pandisha kidogo. Ikisimama mwanzoni kabisa na iko ngumu, bado iko juu.

Na fundi wa stage hajakosea kusema breki za V ni nzuri, ni nzuri kweli, zinakaa kwa pini zile zile za kantileva mara nyingi. Lakini lazima ununue mikono, leva, waya na kava zote mpya, na kwa fremu za zamani sana pini zimekaribiana hadi mikono ya V haifunguki vizuri juu ya tairi pana. Ukiweka mikono ya V na kubaki na leva za zamani, leva itaingia mpaka ifike usukani kabla baiskeli isimame. Hiyo ni hatari kuliko uliyonayo sasa. Jaribu kwanza bila kununua.

Fundi, hamjambo huko. Mtoto wangu anaendesha baiskeli kwenda shule hapa Section 58, Nakuru, na kila akishika breki za mbele zinapiga kelele mpaka majirani wanatoka nje. Nimeambiwa nipake mafuta. (Mama wa watoto watatu)

Mama, tafadhali usipake mafuta. Hata kidogo, hata ya kupikia, hata ya cherehani. Mafuta yakiingia kwa rimu na raba breki imekufa, na mtoto hatajua mpaka siku atakapoihitaji. Kama imeshapakwa, osha rimu pande zote mbili na sabuni na maji moto, ikauke, pitisha kitambaa chenye spiriti, na raba usugue uso wake na msasa mpaka ule mng'aro utoke. Raba iliyokunywa mafuta sana ni ya kutupa.

Kelele inatoka hapa. Raba ikigusa rimu yote kwa wakati mmoja, ama upande wa nyuma ukagusa kwanza, rimu inaivuta mbele, mkono unapinda kidogo, unaachilia, unapinda tena, mara nyingi sana kwa sekunde moja na hiyo ndio mnasikia. Raba ikiinama mbele iguse kwanza kwa milimita moja hivi, mkono ukipinda raba inalala sawa na kelele inanyamaza. Ndio ile kazi ya katoni niliyomweleza ndugu wa Kiboswa. Nakuru pia kuna vumbi, haswa Januari na Februari, vumbi linakaa kwa raba na vile vichembe vya aluminiamu vinavyong'aa vinaingia ndani, vitoe na sindano ama ncha ya kisu. Ukifanya hayo mawili na kelele bado iko, mwambie fundi ashike mkono wa breki autingishe, ukicheza kwa pini basi umelika na hakuna kuinamisha raba kutakoponya.

Naendesha bodaboda ya baiskeli hapa Mumias, Black Mamba, nabeba abiria na mara nyingine magunia. Breki ni zile za rodi. Naweza kufungiwa kantileva? (B., Mumias)

Hapana bwana, na nitakwambia kwa nini ili mtu asikule pesa yako.

Rimu ya Black Mamba, ile ya inchi 28, haina ubavu wa kushikwa. Imeviringwa pembeni, na breki ya rodi, ile inayovutwa na vyuma badala ya waya, inaivuta kutoka ndani, raba zinapanda juu kugusa ule upande unaoangalia spoku. Kantileva zinafinya ubavu, kwa hivyo zingekosa pa kushika. Ungehitaji rimu nyingine, na pini nne zichomelewe, mbili kwa foku mbili nyuma, mahali sawa kabisa mpaka milimita. Kuna fundi wa kuchomelea atakwambia anaweza. Anaweza kuchomelea, sibishi, lakini foku ya bodaboda inayobeba mtu si mahali pa kujaribu, pini ikitoka na abiria nyuma hiyo ni ajali ya watu wawili.

Breki za rodi zina kazi yake, hao ndugu zetu wa Busia walivusha watu mpaka wa Uganda nazo tangu miaka ya 60 na bado zinatembea. Kaza viungo vya rodi visicheze, raba zikilika badilisha zote mbili za gurudumu hilo, na kama rimu ni za chuma zenye kromu ujue mvua ikinyesha zinateleza sana. Mvua ikianza gusa breki kidogo kidogo mapema ili raba zifute maji, usingoje mpaka uone ng'ombe barabarani. Na abiria mmoja, bwana, kwa mteremko si wawili.

Nikishuka kutoka Menengai nikishika breki ya mbele foku yote inatetemeka mpaka usukani unacheza mkononi. Baiskeli ni ya lami yenye tairi nono, kantileva mbele na nyuma. Raba nimeziinamisha vile inatakiwa. (Nakuru)

Swali zuri na wengi wanakosa jibu lake kwa sababu wanaangalia raba tu. Kwanza shika breki ya mbele baiskeli ikiwa imesimama, uisukume mbele na nyuma, ukisikia kitu kinagonga kwa shingo basi beringi za shingo zimelegea, zikaze na uishie hapo.

Zikiwa sawa, angalia kava ya waya inaishia wapi. Kwa baiskeli yako naamini inaishia juu, kwa kile kichuma kilichowekwa shingoni chini ya usukani. Ukifinya breki foku inapinda nyuma kidogo, na ikipinda ule umbali kutoka shingoni mpaka kwa breki unaongezeka, waya unavutika wenyewe, breki inakaza bila wewe kutaka, foku inapinda zaidi, raba inateleza, foku inarudi, na inaanza tena. Foku ndefu ndio mbaya zaidi. Dawa yake ni kichuma kinachofungwa kwa kichwa cha foku, kwa lile tundu la bolti juu ya tairi, kava inaishia hapo, karibu na breki yenyewe, na foku ikipinda waya unakwenda nayo. Ni kitu kidogo, fundi yeyote mwenye mabaki ya baiskeli za mashindano ya matopeni anaweza kuwa nacho, na ukikosa hata kipande cha chuma cha L kilichotobolewa vizuri kinafanya kazi, mradi kiwe kinene kisichopinda na tundu la waya liwe limelainishwa lisikate.

Ukikosa kabisa pandisha kachuma ka katikati kidogo, utapoteza nguvu fulani lakini mtetemo utapungua.

Mimi ni mwalimu, natembea na baiskeli kutoka Ahero kuingia ndani ndani huko Kano, na mvua ikinyesha ule udongo mweusi unashika kila kitu. Nataka kununua baiskeli nyingine. Nichukue yenye kantileva, V ama diski? Na hizo kantileva naona ziko za aina mbili, zilizopanuka na zilizosimama. (Mwalimu, Ahero)

Mwalimu, ule udongo wa Kano naujua, unajaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, na hapo ndio kantileva zinaonyesha kazi yake. Hakuna kitu juu ya tairi isipokuwa waya. Breki za kawaida za baiskeli za lami zinakumbatia tairi, tope likija zinaziba. Wanaoshindana kwenye matope huko Ubelgiji na Uholanzi walikaa na kantileva miaka mingi kwa sababu hiyo hiyo, na chama cha baiskeli cha dunia, UCI, kiliruhusu diski, zile breki zinazofinya sahani ya chuma katikati ya gurudumu, kwenye mashindano hayo mwaka wa 2010 tu.

Diski ni bora kwenye maji, hilo sitakuficha. Rimu ikiwa na tope diski haijali. Lakini uliza kwanza nani atakutengenezea Ahero, na pedi zake utanunua wapi siku zikiisha katikati ya muhula. Kantileva raba unapata, waya unapata, na spana ya 10 na alenki ya 5 zinatosha. V pia sawa, zina nguvu bila kusumbua kufunga, ila waya wake unapita pale juu kwa kale kabomba kaliyopinda, tope likiingia humo linagoma, utakuwa unakasafisha kila wiki. Kwa safari yako ningechagua kantileva ama V kwa rimu za aluminiamu, na ningekataa rimu za chuma hata kama baiskeli ni ya bure.

Hizo aina mbili sasa. Zilizopanuka, mikono inatoka nje kama mabawa, zinaacha nafasi kubwa ya tope na hazina maringo, hata ukikosea urefu wa waya mfupi kidogo bado zinashika. Shida yake ni nyuma, kama fremu ni fupi na una keria yenye mifuko kisigino ama mfuko utagonga mkono wa breki. Zilizosimama, zinazopanda karibu sambamba na foku, hazigongi kitu, lakini hizo ndio zinataka kipimo, waya mfupi ukiwa juu hazina nguvu kabisa na ukishushwa vizuri zinauma kweli. Ukiweza weka zilizopanuka mbele na zilizosimama nyuma, ziko baiskeli zilizofungwa hivyo. Kumbuka tu breki ya mbele ndio inafanya kazi kubwa, kwa hivyo yenye hali nzuri zaidi iende mbele.

Angalia pia raba kila mwisho wa wiki kwenye msimu wa mvua. Tope lina mchanga, linakula raba haraka, na kantileva raba ikilika mkono unaingia ndani zaidi na raba inashuka, inashuka, mpaka siku moja inateleza chini ya rimu na kuingia kwa spoku. Ikianza kuacha mdomo uliobaki upande wa chini, ile sehemu isiyoguswa na rimu, itoe haraka ubadilishe.

Fundi nimetoa ile rifleta ya mbele na kichuma chake kwa sababu inaonekana ya kitoto. Kuna shida? Kijana, Bungoma.

Kuna shida, irudishe leo. Kile kichuma kinakaa chini ya waya mfupi, juu ya tairi. Waya mrefu wa mbele ukikatika ama ukichomoka kwa nati yake, waya mfupi unaangukia tairi linalozunguka. Tairi lenye meno linaushika, linauvuta mikono ikiwa bado imeshikana nao, gurudumu la mbele linasimama papo hapo na wewe unapita juu ya usukani. Kile kichuma kinauzuia usifike kwa tairi. Kama rifleta huipendi toa rifleta peke yake uache kichuma, ama weka madigadi yanayofika mbele ya foku. Na ukiona nyuzi za waya zimeanza kusimama kama sindano pale nati inapouma, waya huo umeisha, usingoje ukatike.

Na ile tabia ya kuchomoa waya mfupi ukitoa gurudumu kuziba pancha, halafu kupanda baiskeli bila kuurudisha. Ukimaliza pancha finya leva zote mbili kabla uweke mguu kwa pedali.

Fremu yangu ni ya magurudumu ya 26 na kantileva. Nimepata magurudumu ya 700 safi sana, nataka kuyaweka niende mbio. Yataingia? (Kakamega)

Yanaweza kuingia kwa foku kama tairi ni nyembamba, lakini breki hazitafika. Rimu ya 26 ya mountain bike pale tairi linapokaa ina kipenyo cha milimita 559, ya 700 ni 622. Gawa tofauti kwa mbili, ubavu wa rimu umepanda milimita 31 na nusu. Pini zimechomelewa, hazipandi, na nafasi ya kusogeza raba kwa mkono ni ndogo kuliko hiyo mbali sana. Kuna mtu ataziinua raba mpaka mwisho wa mkono na kukwambia zimefika, zitakuwa zinagusa ukingo tu na kuteleza kwenye spoku.

Uza hayo magurudumu ununue tairi nyembamba za 26 zisizo na meno, inchi moja na nusu, ujaze upepo vizuri mpaka kiwango kilichoandikwa ubavuni. Utakwenda mbio na breki zitabaki mahali pake. Ila ukishaweka tairi nyembamba, juu ya tairi panabaki wazi zaidi, kwa hivyo pima upya kale kachuma ka katikati, unaweza kukashusha kidogo zaidi ya hapo mwanzo.